Mikono, Miguu na Makanga wa 46

Ukitaka kujua kwa nini programu nzuri hufia ofisini, weka kando vile vitabu vinene vya uongozi. Soma hadithi ya watoto ya Ngũgĩ wa Thiong'o, Ituĩka rĩa Mũrũngarũ. Aliiandika kwa Kigikuyu, na mwaka 2016 jarida la Jalada likaitoa katika lugha zaidi ya 30, Kiswahili kikiwemo.

Kwa ufupi: zamani binadamu alitembea kwa mikono na miguu, na mbio alikuwa nazo. Viungo vingine vikaona wivu, ulimi ukachochea, mikono na miguu ikaanza kubishana nani mkubwa. Ikashindanishwa. Mikono haikuweza kuubeba mwili, miguu haikuweza kushika kitu. Ndipo kazi zikagawanywa na mtu akasimama wima. Angalia mpangilio, ndugu msomaji: kujaribu kwanza, kugawana kazi baadaye.

Sasa njoo kwenye matatu. Mwaka 2013 Google na benki ya Equity walileta kadi ya nauli, BebaPay. Mwaka 2014 serikali ikaamuru matatu zote ziache kupokea pesa taslimu. Haikufanyika, na BebaPay ikafungwa mwaka 2015. Wengi walisema teknolojia ilikuwa mbaya. Sikubaliani. Sisi wa Gatina tunaopanda 46 tunajua makanga anaishi kwa noti zilizo mkononi: mafuta, chakula cha mchana, hesabu ya tajiri, mshahara wake na wa dereva wa siku hiyohiyo (na kile kitu kidogo cha polisi, tusijifanye wageni). Kadi ingempelekea tajiri kila shilingi. Kichwa kilifurahi, mkono ukakatwa riziki. Ungeitumia wewe?

M-Pesa, iliyoanza 2007, ilimlipa wakala kamisheni tangu mwanzo. Leo abiria wengi hulipa nauli kwa simu, mara nyingi kwa namba ya makanga mwenyewe!

Nayasema haya kwa sababu chama kimoja cha akina mama hapa mtaani kimeniomba niwaandikie programu ya michango. Mweka hazina hupewa posho kidogo kwa kuandika daftari. Katika mkutano aliuliza swali moja tu: "Hiyo mashine ikija, posho yangu itaenda wapi?" Mwenyekiti akahamia ajenda nyingine. Nimewaambia sitaandika hata mstari mmoja mpaka mama huyo ajibiwe.