Makumbusho ya Berlin yana deni la Tendaguru

Mgeni anayeingia Makumbusho ya Historia ya Asili mjini Berlin hulakiwa na mifupa ya mjusi wa kale (dinosaria) mwenye kimo cha mita 13 na ushei, aliyesimamishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1937. Mifupa hiyo imetoka kilima cha Tendaguru, mkoani Lindi. Wako wanaotaka tuyaone makumbusho hayo kama mlezi tu, aliyepokea kilichookotwa na wengine. Hatukubali. Makumbusho ndiyo yaliyoandaa msafara wa utafiti wa 1909 hadi 1913. Mkurugenzi wake, Wilhelm von Branca, ndiye aliyechangisha fedha. Wataalamu wake, Werner Janensch na Edwin Hennig, ndio walioongoza uchimbaji. Na zaidi ya tani 200 za visukuku ziliishia katika maghala yake.

Kwa ruhusa ya nani? Serikali ya kikoloni ilitangaza eneo la kilima kuwa ardhi ya dola, basi, ubishi ukaisha. Tukumbuke majira yenyewe. Vita vya Maji Maji vilikuwa vimezimwa mwaka 1907, na jeshi la Wajerumani lilikuwa limeteketeza mashamba na maghala ya chakula kusini nzima hadi watu wakafa njaa kwa makumi ya maelfu. Wachimbaji walifika miaka miwili baadaye. Anayesema wenyeji waliridhia atuambie kwanza ni nani angethubutu kukataa.

Kazi yenyewe ilifanywa na vibarua wa huku, waliokaribia 500 msafara ulipopamba moto. Msimamizi wao mkuu, Boheti bin Amrani, alikuwa fundi hodari wa kufukua na kuandaa mifupa. Vipande vilifungwa ndani ya viunzi vya mianzi, vikabebwa kichwani na mabegani, mwendo wa kilomita zipatazo 60 hadi bandari ya Lindi. Hakuna reli, hakuna gari.

Sasa tazama majina. Mjusi mkubwa alipewa jina la Branca, mkurugenzi. Mwingine wa Tendaguru alipachikwa, mwaka 1919, jina la Lettow-Vorbeck, jenerali ambaye vita vyake viliwamaliza wapagazi wa nchi hii. Boheti alisubiri hadi 2007 ndipo spishi moja, Australodocus bohetii, ikaitwa kwa jina lake. Sayansi ilijua vizuri nani wa kumshukuru, ilichagua.

Lawama haiishii Berlin. Serikali yetu imewahi kulieleza Bunge kwamba kumrejesha mjusi ni gharama kubwa na kwamba heri tushirikiane na Wajerumani. Hoja ya gharama ina uzito: mifupa ile ni dhaifu, na jumba la kuihifadhi halioti kama uyoga. Lakini ushirikiano usio na masharti ni ombaomba aliyevaa suti. Ujerumani imeonyesha kwamba inaweza kusikia. Novemba 2023 Rais Frank-Walter Steinmeier aliomba msamaha Songea kwa ukatili wa Maji Maji. Dodoma ilipaswa kuiweka mezani hoja ya Tendaguru siku iyo hiyo.

Msimamo wetu ni huu. Umiliki wa visukuku vya Tendaguru ukabidhiwe Tanzania kwa maandishi, hata kama mjusi mkubwa ataendelea kusimama Berlin kwa mkataba wa mkopo wenye ada. Mifupa isiyo ya maonyesho, na ni mingi mno, ianze kurudi Dar es Salaam na Lindi kadiri maghala yanavyojengwa, ujenzi huo ukilipiwa na waliofaidika. Daftari za uchimbaji, barua na picha zifasiriwe kwa Kiswahili na kuwekwa wazi kwa yeyote. Nasi tutengeneze barabara ya kufika kilimani, kwa maana hilo halihitaji kibali cha Berlin.