Usiikimbize kompyuta kuukuu kabla ya kuipima

Shule zikifungwa vijana wengi huja nyumbani na ombi moja. Hawaombi viatu wala baiskeli. Wanataka kompyuta ya nyumbani, ile iliyonunuliwa kwa jasho kutoka kwa wauzaji wa mitumba mjini, iongezwe kasi ili gemu zisiwe zikikwamakwama. Kijana atakwambia kwamba kazi yenyewe ni rahisi na haina gharama. Ni kubadilisha nambari chache tu. Je, umruhusu au umkatalie?

Kazi hiyo mafundi huiita ovakloki. Maana yake ni kuilazimisha prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, kwenda kwa kasi kuliko ile iliyopangiwa kiwandani. Huo si uchawi wala si uongo. Mnamo 1998 kampuni ya Intel ilitoa prosesa ya bei nafuu, Celeron 300A, iliyopangiwa kasi ya megahezi 300. Wajuzi waligundua kwamba nyingi kati ya hizo zingeweza kufikia megahezi 450 bila matatizo, na sifa zake zikaenea kote duniani.

Mfano wa karibu zaidi ni Core i5-2500K iliyotoka 2011. Kasi yake ya msingi ni gigahezi 3.3. Hesabu yake haina ugumu: mapigo ya megahezi 100 huzidishwa mara 33. Ukiiondoa 33 na kuweka 44, unapata gigahezi 4.4, nyongeza ya theluthi moja. Prosesa nyingi za aina hiyo ziliimudu kasi hiyo, mradi zilikuwa na kipoozaji kizuri.

Basi kijana wako hakosei anaposema jambo hili linawezekana. Swali ni kama linawezekana katika kompyuta iliyo mezani kwako, na kama litakufaa.

Anza kwa kutazama jina la prosesa. Ile herufi K mwishoni ndiyo ufunguo. Intel huiweka kwenye prosesa ambazo kizidisho chake hakikufungwa. Kompyuta nyingi za mitumba zinazouzwa kwetu zilitoka katika ofisi za ng'ambo, na ndani yake utakuta i5-2400 au i5-3470, zisizo na herufi hiyo. Isitoshe, ubao mkuu wa mashine za ofisi kwa kawaida hauna menyu ya kubadilisha kasi. Ikiwa yako ni ya namna hiyo, mjadala umekwisha, na fundi anayedai pesa ili aifungue anastahili kuulizwa maswali mengi. Kampuni ya AMD ilikuwa karimu zaidi: prosesa zake za FX, zilizoanza kutoka 2011, na Ryzen za kwanza za 2017, hazikufungwa. Hata hivyo, nazo zahitaji ubao mkuu unaoruhusu.

Tuseme yako inaruhusu. Sasa uliza, je, ni prosesa inayochelewesha gemu? Hapa ndipo wengi hupotea. Picha za gemu huchorwa na kadi ya michoro, na prosesa huipangia kazi tu. Mpishi akiwa mzembe, haisaidii kitu kumhimiza anayekatakata vitunguu.

Kipimo chake hakihitaji hata senti moja. Fungua gemu, uandike ni picha ngapi zinazoonyeshwa kwa sekunde. Kisha punguza ukubwa wa picha katika mipangilio, kwa mfano kutoka 1920 kwa 1080 hadi 1280 kwa 720, ucheze pale pale. Idadi ikipanda sana, kadi ya michoro ndiyo iliyokuwa imelemewa. Ikibaki vile vile, huenda prosesa ndiyo inayochelewesha.

Ikiwa kompyuta yako haina kadi ya michoro kabisa, inategemea ile michoro midogo iliyo ndani ya prosesa yenyewe. Katika hali hiyo, kadi ya mitumba inayolingana na nguvu ya pawa saplai yako itakufaa kuliko ovakloki yoyote. Tazama ram pia. Mashine yenye GB 4 kwenye kijiti kimoja itakwama hata ukiipa prosesa mbawa.

Kuna jambo jingine ambalo kasi haiwezi kulitibu. Prosesa za Intel za 2011 na 2012 hazielewi kundi la amri liitwalo AVX2, lililokuja na prosesa zake za 2013. Baadhi ya gemu mpya hukataa kufunguka bila amri hizo. Vilevile, Windows 11 haizikubali rasmi prosesa hizo kuukuu, ilhali huduma ya kawaida ya Windows 10 ilikoma Oktoba 14, 2025. Mzee hata akikimbia vipi, hajifunzi lugha mpya kwa kukimbia.

Sasa tuje kwenye gharama, maana yule aliyesema haina gharama hakumaliza hesabu. Kasi ikipanda, mara nyingi prosesa huomba volti zaidi, na nyongeza ya volti huhesabiwa mara mbili. Ukitoa prosesa kutoka gigahezi 3.3 hadi 4.4, na volti kutoka 1.2 hadi 1.35, umeme unaotumika wakati wa kazi nzito hupanda kwa karibu asilimia 70. Umeme huo wote hugeuka joto. Feni ndogo iliyokuja na mashine haikutengenezewa mzigo huo, wala pawa saplai ya kompyuta ya ofisi.

Joto la mahali unapoishi pia lina usemi. Feni haiwezi kuipoza prosesa chini ya joto la chumba. Kile kinachovumilika Limuru mwezi wa Julai chaweza kuzimika Mombasa mwezi wa Machi, hewa inapofikia digrii 32 au zaidi. Prosesa nyingi za Intel zikikaribia digrii 100 hujipunguzia kasi zenyewe ili zisiungue, kwa hivyo unaweza kulipia kasi na usiipate. Na volti nyingi hula nyaya zake nyembamba polepole. Bandu bandu humaliza gogo.

Lakini hoja iliyo nzito zaidi kwa familia ni hii: kompyuta hiyo ni ya nani? Katika nyumba nyingi mashine ni moja na wenyewe ni watano. Mama ameweka humo hesabu za chama, dada ana kazi yake ya chuo, baba ana stakabadhi za shamba. Prosesa iliyosukumwa kupita uwezo wake si lazima izime kwa kishindo. Yaweza kukosea hesabu kimyakimya, ikaharibu faili, na wewe usijue hadi siku unayoihitaji. Gemu ikizimika huanzishwa upya. Hesabu za chama zikipotea, huo ni ugomvi wa mtaa mzima.

Kwa hivyo ushauri wangu ni huu. Ikiwa kompyuta inategemewa na wengine, mwambie kijana hapana, na umweleze sababu. Ikiwa ni yake peke yake, ina herufi ile, na kipimo kimeonyesha kwamba prosesa ndiyo inayochelewesha, mruhusu kwa masharti. Kwanza anakili faili zote mahali pengine. Pili, apulize vumbi lote na apake upya ile dawa ya kupitisha joto kati ya prosesa na kipoozaji. Mashine kuukuu nyingi hupata nafuu kwa hatua hiyo pekee. Tatu, apandishe kizidisho nambari moja moja bila kugusa volti, na kila mara aipe mashine kazi nzito kwa saa nzima huku akitazama joto. Likipita digrii 85, au mashine ikizima, arudi nyuma. Ikikataa kuwaka, aichomoe kwenye umeme, aondoe ile betri ndogo ya ubao mkuu kwa dakika chache kisha airudishe, na mipangilio ya kiwandani itarudi.

Na akishindwa kupata fedha za kipoozaji kizuri, basi asubiri. Kijana anayeweza kupima kabla ya kusukuma amejifunza jambo litakalomfaa hata gemu hizo zikishasahaulika.