Shairi na Mwenyewe

Mali bila daftari hupotea bila habari. Shairi nalo ni mali, na daftari lake moyoni ni picha.

Wanafunzi wengi hushika shairi kama kasuku. Hulikariri usiku, na asubuhi wakisimama mbele ya wenzao, neno moja likiwapotea, shairi zima hukatika. Tena wakiulizwa ni nani aliyelitunga, hunyamaza. Sababu si uvivu. Maneno matupu hutoroka upesi, bali jambo lililoonwa kwa macho hukaa.

Wayunani wa kale walijua hayo. Husimuliwa kwamba nyumba ya karamu iliwaangukia wageni, maiti zisitambulikane; mshairi Simonides akazitambua zote kwa kukumbuka kila mtu alikuwa ameketi wapi.

Mwanafunzi wa Magoma anazo mahali zake tayari. Kila siku huiacha nyumba ya wazazi wake, hupita chini ya mwembe, huvuka kijito, hukata shamba la mahindi, hata akafika shuleni, na milima ya Usambara mbele ya macho yake. Basi picha ya ubeti wa kwanza na aiweke mlangoni, ya pili mwembeni, ya tatu kijitoni, na kuendelea. Siku ya kulisema shairi, atembee njia ile moyoni. Atakuta kila ubeti unamngoja mahali pake.

Jina la mtunzi nalo lahitaji picha. Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Mshamu alimtungia binti yake utenzi wa mawaidha, hali yu mgonjwa. Mwanafunzi na amwone mama kitandani, na binti karibu naye ameshika wino na karatasi. Binti amwombea mama yake nini? Kupona. Jina limekwisha patikana.

Wako wasemao kwamba picha ni mchezo, humfanya mtoto asifikiri maana. Neno hili lina kweli kidogo, kwa kuwa picha ya kuchekesha isiyohusu shairi hubaki peke yake, maana ikaenda zake. Walakini picha itokayo ndani ya shairi lenyewe haipatikani ila kwa kufahamu maana kwanza.

Wala faida yake si kushinda mtihani tu. Muyaka bin Haji wa Mombasa alifariki yapata mwaka 1840. Tungo zake zilikaa vinywani mwa watu, hata Mwalimu Sikujua bin Abdallah akaziandika, na mwaka 1940 zikapigwa chapa katika kitabu, Diwani ya Muyaka. Kama watu wale wangalikumbuka maneno na kumsahau mtunzi, nani leo angalimjua Muyaka?

Alaye embe amkumbuke aliyepanda mwembe. Basi ahifadhiye shairi, na alihifadhi pamoja na mwenyewe.