Madam, haki unazofundisha zinaishia getini?



Msichana wa Kiislamu akifika shuleni na mtandio, nani hutumwa kumwambia autoe? Mara nyingi si mkuu wa shule. Anatumwa madam, kwa sababu mwanamume akimgusa msichana kichwani itakuwa kesi nyingine. Baadaye madam huyo huyo anaingia darasani, anaandika ubaoni: Demokrasia na Haki za Binadamu. Watoto wananakili. Mtihani utauliza.

Hatusemi madam ni adui. Wengine ni mama zetu, dada zetu, na wengine wenyewe ni Waislamu wanaoogopa kufungua mdomo kwenye kikao cha walimu. Tunachosema ni kwamba anatumwa kutekeleza jambo ambalo hakuelezwa sheria yake. Muulize, atakwambia: "Si mahakama ilikataza hijabu?"

Hapana, madam. Kesi ilianzia hapa kwetu, shule ya St. Paul Kiwanjani, Isiolo. Wasichana waliomba kuvaa hijabu na suruali nyeupe juu ya yunifomu ileile. Kanisa la Methodist, mfadhili wa shule, likaenda Mahakama Kuu ya Meru na kushinda mwaka 2015. Mzazi mmoja akakata rufaa. Septemba 2016 Mahakama ya Rufaa, ile inayoketi hapa Nyeri, ikasema kuwakataza wasichana hao ni ubaguzi. Januari 2019 Mahakama ya Juu ikatupa uamuzi huo, lakini sababu ilikuwa utaratibu: ombi la mzazi halikuletwa kwa njia inayofaa. Anayetaka kulipeleka upya, mlango ukaachwa wazi. Hiyo ndiyo mnaita "kukatazwa"?

Na Katiba ya 2010 haijabadilika. Kifungu cha 27 kinakataza ubaguzi, na kati ya vitu kinavyovitaja ni dini na mavazi. Mavazi, limeandikwa! Kifungu cha 32 kinasema mtu asinyimwe nafasi katika taasisi yoyote kwa sababu ya imani yake. Hata binti wa Akorino na kilemba chake, ambao tumejaa nao huku mlimani, analindwa na maneno hayohayo.

Umoja wa Mataifa ulipopitisha Azimio la elimu ya haki za binadamu, Desemba 2011, ulisema haki zisifundishwe kama habari tu. Namna ya kufundisha yenyewe iheshimu haki za mwalimu na za mwanafunzi. Sasa mtoto aliyevuliwa mtandio mbele ya wenzake asubuhi, mchana utamfundisha nini kuhusu utu?

Na sisi pia tujiseme. Tunapiga kelele mtandaoni mtoto akishafukuzwa, lakini mkutano wa wazazi hatuendi. Fomu ya sheria za shule tunatia sahihi bila kusoma. Kamati za misikiti zinamjua mkuu wa shule siku ya harambee tu.

Kwa hivyo kazi ya wiki hii: chapisha vifungu vya 27 na 32, ukurasa mmoja unatosha. Mpelekee madam aliyekufundisha, kwa adabu, bila kamera. Muulize kama aliwahi kuvisoma kwenye mafunzo yoyote ya kazi. Tuandikie alichojibu, jina lake usiweke. Akisema hajawahi, hilo pia tunalitaka.