Sindano ya Mbwa ni Wajibu wa Kaunti



Mchumaji chai wa Kenya hutoka nyumbani kabla ya jua kuchomoza, na njia ya shambani ina mbwa wasio na mwenyewe. Akiumwa, aoshe jeraha kwa sabuni na maji mengi dakika 15, kisha achomwe sindano siku hiyo hiyo, na tena siku ya 3, ya 7 na kuendelea kama daktari atakavyopanga. Dalili za kichaa cha mbwa zikishatokea, mtu haponi.

Lakini mara nyingi zahanati humwambia chanjo imekwisha, akanunue dukani. Kwa mshahara upi? Wengine huchomwa moja tu, wakarudi kwenye kikapu.

Katiba ya mwaka 2010 imezipa kaunti zahanati, utabibu wa mifugo, hata leseni za mbwa. Basi lawama isitupwe Nairobi. Mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa hukatika.

Bajeti ya kaunti inapojadiliwa, viongozi wa matawi waingie ukumbini waulize: zahanati za mashambani zina chupa ngapi leo? Wadai jibu la maandishi. Na mwajiri asimkate mtu mshahara kwa siku ya sindano.