Siku Moja Bruxelles

Ndugu zetu wengi wakifika Bruxelles hupewa siku moja ya kutembezwa. Jamaa aliyewapokea huwapeleka asubuhi Grand-Place, halafu kwa yule mtoto mdogo wa shaba anayekojoa mbele ya watu, Manneken-Pis, halafu Atomium, mwisho chokoleti. Jioni picha zimekwisha kufika Bukavu na Lubumbashi: «Tumeuona mji!» Mimi nasema hawajauona. Mjapani akisema hivyo namwachia, maana yeye hana cha kudai pale. Lakini Mkongo?

Nisieleweke vibaya. Grand-Place ni mahali pa kustaajabia, na anayepita mbio anajinyima. Mwezi wa Agosti 1695 mizinga ya Wafaransa, chini ya mkubwa wao Villeroy, iliuteketeza mji, na nyumba karibu zote za kiwanja kile zikaanguka. Mnara wa nyumba ya mji, wenye meta 96, ukabaki umesimama. Nani alijenga upya? Vyama vya watu wa kazi: waokaji wa mikate, wapishi wa bia, watu wa mashua. Walijenga kwa miaka michache tu, na kila chama kikatia alama yake juu ya nyumba yake. Watu wa mashua walitengeneza kilele cha nyumba yao mfano wa nyuma ya merikebu, nao upo hata leo. Mtoto akiuliza nani alilipa, unamwonyesha kwa kidole.

Basi shika neno hilo, kisha panda mpaka Place du Trône. Si mbali. Hapo mfalme Leopold II amekaa juu ya farasi tangu 1926. Wageni wengi hupiga picha ya farasi na kuondoka. Lakini pana maandishi madogo yanayosema kwamba shaba na bati ya sanamu hiyo vilitoka Kongo, na kwamba vilitolewa bure na kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga. Bure! Kampuni haikushika sururu. Walioshika ni watu wa Katanga, na wengine walioandikwa kazi kutoka Rhodesia ya Kaskazini. Waoka mikate wa Bruxelles wana nyumba yenye alama yao. Mchimba shaba wetu hana hata herufi moja kwenye shaba aliyoichimba mwenyewe. Mwaka 2020 vijana waliipanda sanamu hiyo na bendera ya Kongo mkononi. Wako waliowaita wahuni. Mimi naona walikuwa wanasoma maandishi yale kwa sauti.

Hatua chache tu kutoka pale iko Matonge, na kando yake kiwanja kidogo kilichopewa jina la Lumumba tarehe 30 Juni 2018. Ndugu zetu wanafika huko bila kukosa, kununua sombe na kusuka nywele. Wangapi wameinua macho wakasoma kibao?

Tena yako matao makubwa ya Cinquantenaire, ya mwaka 1905. Leopold ndiye aliyetafuta fedha zake, wakati mpira wa Kongo ulipokuwa ukimjaza mali. Mbelgiji mwenyewe, Vandervelde, mtu wa chama cha wafanyakazi, aliyaita matao ya mikono iliyokatwa. Harusi hupigwa picha chini yake.

Wengine watanijibu: «Tumekuja kupumzika, usitutilie msiba katika safari.» Haya, pumzikeni. Lakini mtu akienda ugenini mahali alipozikwa mtu wa nyumba yao, je, atakula na kucheka tu bila kuuliza kaburi liko wapi? Kwetu hapana. Na kaburi lipo. Mwaka 1897 Wakongo 267 waliletwa Tervuren, nje kidogo ya mji, wakakalishwa katika vijiji vya kuonyeshwa, ili Wazungu wapite kuwatazama. Baridi na magonjwa viliwaua 7. Majina yao: Ekia, Gemba, Kitukwa, Mpeia, Zao, Samba, Mibange.

Wengine tena husema: «Hayo ni aibu ya Wazungu, wayatafute wenyewe.» Kumbe wao wamekwisha kuanza, sisi ndio tunachelewa. Nyumba ya makumbusho ya Tervuren ilifunguliwa 1910, ikafungwa miaka mitano ili itengenezwe, ikafunguliwa tena Desemba 2018. Ndani mna ukuta wenye majina ya Wabelgiji 1,508 waliokufa Kongo kati ya 1876 na 1908. Jina la Mkongo halikuwamo. Mchongaji wa Kinshasa, Freddy Tsimba, aliandika majina ya wale saba kwenye vioo vya madirisha vinavyoukabili. Jua likiwaka, vivuli vya majina yao vinaangukia juu ya yale ya Wabelgiji. Kazi hiyo imefanywa na Mkongo, na Wakongo wenzake wako Atomium wanahesabu mipira tisa.

Anayetaka kwenda, tramu namba 44 inatoka Montgomery na kupita msituni mpaka Tervuren. Aende siku ya jua, kwa ajili ya vile vivuli. Makaburi yenyewe hayamo ndani ya makumbusho. Yako kando ya kanisa la Mtakatifu Yohane, mawe saba yamepangwa, wala hakuna tikiti ya kununua.