Simu Ijayo na Kahawa ya Mia Mbili

Wanavyuo wenzangu, Septemba ikikaribia, makundi yetu ya WhatsApp hugeuka kuwa tawi la Apple. Mtu ambaye hajamaliza kulipa ada anakueleza kwa uhakika iPhone ambayo haijatoka: kamera yake, rangi zake, chaji itakaa masaa mangapi. Mimi sina ugomvi naye, maana kuota ni bure. Ugomvi wangu unaanza pale ndoto inapokutana na bumu.

Ninachosema ni kifupi tu. Kifaa kizuri ni kile kinachoikuta haja yako ikiwa imeshakaa inakisubiri. Ukiona tangazo ndilo limekufundisha kwamba una shida, shika mfuko.

Chukua mfano wa Cambridge, Uingereza, mwaka 1991. Watafiti wa maabara ya kompyuta pale chuoni walikuwa wakichangia mashine moja ya kahawa, iliyokaa karibu na chumba kilichoitwa Trojan Room. Waliokuwa ghorofa nyingine walitembea mpaka pale na kukuta jagi tupu, wenzao wameshamaliza. Wakachoka. Wakaielekezea kamera ile mashine, na picha ndogo isiyo na rangi ikawa inaonekana kwenye kompyuta zao. Jagi likijaa, unakwenda. Mwaka 1993 picha hiyo ikaunganishwa na intaneti, na watu wa nchi za mbali wakawa wanachungulia kahawa isiyowahusu, mpaka ilipozimwa mwaka 2001. Inatajwa kuwa ndiyo kamera ya kwanza ya mtandaoni. Yaani vipindi vyetu vya Zoom vina babu yao, na babu huyo alizaliwa kwa sababu ya watu waliokosa kahawa. Haja ilitangulia, kifaa kikafuata.

Sasa tazama upande wa pili. Mwaka 2024 kampuni ya Humane ya Marekani ilileta kifaa kidogo cha kubandika kifuani, AI Pin. Unakiuliza kwa sauti, kinakujibu, na maandishi yanamulikwa kwenye kiganja chako. Bei yake dola 699, na juu yake dola 24 kila mwezi. Kilisemwa sana kabla ya kutoka. Tatizo ni kwamba watu walikuwa na simu tayari, na simu ilifanya kazi hizo vizuri zaidi. Februari 2025 kampuni ikauza mali zake kwa HP, na tarehe 28 mwezi huohuo vile vifaa vikakatiwa huduma. Hakikuwa kimevunjika wala kuibwa. Mwenye mtambo alifunga ofisi, basi, na wewe ukabaki na kibanio cha shati cha dola 699.

Linganisha na muuza kahawa anayepita jioni huku nje, birika lake juu ya makaa, akigonganisha vikombe ili tumsikie. Sijawahi kumsikia akitangaza toleo jipya. Ni ileile kahawa chungu, tangawizi kidogo, kashata ya karanga pembeni, mia mbili mkononi. Kwa Wahaya kule Kagera kahawa hata kikombe haihitaji: buni inachemshwa, inakaushwa, mgeni anakaribishwa nayo akatafuna. Na ukikaa kijiweni utajua watu hawakufuata kahawa peke yake. Wamefuata Simba na Yanga, wamefuata kujua nani amepata kazi na wapi. Kahawa imekuta haja ya watu kukaa pamoja, ndiyo maana haina haja ya kujipigia debe.

Mtasema, "Kaka, sisi tuna hela gani ya kununua AI Pin?" Kweli kabisa. Lakini sisi tuna mtego wa saizi yetu, simu za kukopa. Unatoa kianzio, halafu unalipa kidogo kidogo kila siku. Ukichelewa, muuzaji anaifunga akiwa hukohuko ofisini kwake. Mwenzangu wa chumbani alifungiwa yake wiki ya mitihani, notisi zake zote zikiwa humo ndani. Ile ya zamani ilikuwa nzima, aliiuza ili apate kianzio. Siku mbili alikuwa anahama vitanda akiomba simu za watu ili asome slaidi. Hakuwa mzembe, ni mmoja wa watu makini ninaowajua. Ila kamera mpya ilimwendea kwa nguvu kuliko swali la simu mpya ni ya nini.

Sitaki mnielewe vibaya, mimi si adui wa teknolojia. Nasoma ualimu, na darasani tuna wenzetu wasioona. Leo kuna miwani kama Ray-Ban Meta inayoweza kumsomea mtu kwa sauti maandishi yaliyo mbele yake. Mimi nikiinunua itakuwa mbwembwe, nipige picha kwenye graduesheni. Mwenzangu asiyeona anasubiri kila siku mtu wa kumsomea tangazo la ratiba ukutani. Kwake haja ina miaka mingi kuliko hiyo miwani. Kifaa kimoja, majibu mawili. Kama serikali yetu ya wanafunzi itapata fungu la teknolojia, ianzie kwake.

Kwa hiyo bumu likiingia, usiende dukani siku hiyo. Andika kwenye daftari jambo moja ambalo ulishindwa kulifanya wiki iliyopita kwa sababu ya simu uliyonayo. Kama lipo, nenda kanunue, tena kwa amani. Kama halipo, mia mbili inatosha, na kijiweni nafasi bado ipo.